Vidole Vitatu, Vidole Vinne

Ashukuriwe Mungu Baba, aliyenifikisha siku ya kuvua koti la kazi nikiwa na mikono miwili, macho mawili, na masikio yanayosikia mvua ikianza kudondoka juu ya bati kabla mtu mwingine nyumbani hajainua kichwa. Najua wengi wenu mngeanza kushukuru kwa mengine. Mimi naanza na masikio, na kabla sijamaliza mtajua kwa nini.

Siku mliyoniaga mlinivisha shada shingoni kama ng'ombe wa maonyesho ya kilimo, kisha mkaniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa zamani. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na havikunibadilisha. Nitawaandikia habari za ndege mbili kubwa, na za mtu aliyezipenda.

Niliingia kazini miaka ile foleni za sukari na sabuni zilipokuwa zinaanza kufupika, na maduka ya Arusha yalipokuwa yanaanza kuwa na rangi tena. Wazazi wangu ni wa Machame, lakini mimi nilikuwa nakaa Kijenge kwa shangazi. Basi la shirika letu la kuhudumia ndege lilituchukua pale alfajiri, likaelekea mashariki kuokota wengine njiani, mpaka kwenye uwanja wa ndege ulioko kwenye nyika ya upepo kati ya Arusha na Moshi. Siku yangu ya kwanza, tulipofika Makumira, alipanda mtu mrefu aliyefunga vifungo vya shati hadi shingoni, mkononi ana ndizi za kuchoma ndani ya jani. Akakaa kando yangu.

"Wewe ndiye mgeni?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Umewahi kuona ndege?"

"Zikipita juu."

"Hizo siyo ndege, hizo ni nukta. Shika ndizi. Leo utaona ndege."

Huyo alikuwa Ndekirwa, Mmeru wa kule juu ya Makumira, mzee wa kanisa na mwimbaji wa besi katika kwaya. Alinizidi miaka kumi na zaidi, nami nilimwita kaka mpaka mwisho. Ndiye alinifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu maegesho ya ndege, pamoja na mambo ambayo hayakuwa na matumizi yoyote.

Shirika lilikuwa la umma wakati huo na vifaa vilikuwa haba. Sisi wa maegesho tulikuwa wengi kuliko viziba masikio. Vile vya zamani vilikuwa vikombe viwili vya plastiki vyenye sifongo ndani, vimeunganishwa na chuma kinachobana kichwa kama mkono wa mtu mwenye hasira. Sheria ilisema kila anayefanya kazi jirani na injini avae. Hali halisi ilikuwa kwamba anayewahi stoo ndiye anayevaa. Siku ile nilipofika stoo hapakuwa na kitu. Ndekirwa akavua vyake akanivisha.

"Na wewe, kaka?"

"Mimi nataka kusikia. Wewe bado hujui unachosikiliza, kwa hiyo hutapoteza kitu."

Mara nyingi baadaye nilitaka kumrudishia, naye kila mara alivisukuma kwa kiwiko. Milango ya biashara ilipofunguliwa na vifaa vikaanza kuingia nchini, tulipata viziba vya kutosha, vipya, vyenye rangi ya njano. Ndekirwa alivaa vyake shingoni, kama mama anayevaa shanga kwenda harusini. Tukimsema, alicheka.

Sasa niwaeleze ndege zenyewe, kwa kuwa hamkuzikuta. Moja tuliiita Jumbo, kama dunia nzima ilivyoiita. Ilikuwa na injini nne, mbili kila upande, na kibyongo mbele ambamo rubani alikaa juu kama mtu aliye ghorofani. Kwa ajili hiyo mwongozaji mwenye vibao vya ishara alipaswa kusimama mbali sana. Ukiisogelea, rubani hakuoni, anaona lami tupu, naye atakuja. Injini zake za nje zilining'inia hadi nje ya lami na kupeperusha kokoto za nyikani, hivyo siku ya Jumbo tulifagia kingo za maegesho tangu asubuhi. Haikuja mara nyingi. Ikija, wapishi na makarani walitoka nje kuitazama, na hakuna aliyewakemea, kwa sababu hata waliopaswa kuwakemea walikuwa wametoka.

Ya pili tuliiita Injini Tatu. Hii ilikuwa mgeni wetu wa kila wiki. Ilikuwa na injini moja kila bawa, na ya tatu ilikuwa mkiani, juu, imechomekwa kwenye shina la mkia kama bomba la jiko. Injini huhesabiwa kuanzia kushoto kwa rubani, kwa hiyo ile ya mkiani ilikuwa namba mbili. Naomba mlikumbuke hilo.

Mkumbuke pia tulivyowasha. Kelele ikishaanza, mdomo hauna kazi tena, wote tunaongea kwa mikono. Aliyesimama mbele ya pua ya ndege anaonyesha kwa vidole namba ya injini inayofuata. Aliyesimama pembeni anaangalia kama hakuna mtu wala kitu karibu na injini ile. Akiona pako salama, anarudia namba kwa mdomo, ingawa hakuna anayemsikia, na anazungusha mkono wa kulia juu ya kichwa: washa. Kazi hiyo ya pembeni ilikuwa ya Ndekirwa. Aliifanya kwa uzuri kiasi kwamba marubani wengine walimpungia kabla ya kuondoka. Ilipofika zamu ya namba mbili, mkono wake ulizunguka taratibu zaidi, uso umeinuka kuelekea mkiani. Nilimwona akifanya hivyo mamia ya mara, na kila mara alikuwa na uso uleule wa mtu aliye ibadani.

Mimi nilikuwa mtu wa Jumbo. Yeye alikuwa mtu wa Injini Tatu. Tulibishana juu ya hilo kwenye benchi lililokuwa nyuma ya jiko la uwanja, tukinywa chai, kwa miaka ambayo watu wengine hulea mtoto mpaka aoe.

"Jumbo ni ng'ombe wa maziwa," alikuwa akisema. "Kubwa, sikatai. Lakini nani anakaa kumtazama ng'ombe? Ukimwona unawaza majani tu. Hii yangu unaiwaza hata ikishaondoka."

"Kaka, injini moja ikifa angani, Jumbo inabaki na tatu. Yako inabaki na mbili. Watoto wako ungewapandisha ipi?"

"Yaani Jumbo ikiharibika inakuwa kama yangu? Asante, Mmachame. Hapo umeisifia yangu vizuri kuliko mimi."

Lomayani aliyekuwa anaendesha trekta la mizigo aligaragara kwa kicheko. Huyu alikuwa Mwarusha wa Olmotonyi, mfupi, mcheshi, na aliniita Mchungaji kwa sababu nilisali kabla ya kila zamu. "Mchungaji, umekwisha leo! Funga kwa sala twende!"

"Na yako ikibaki na mbili je?" niling'ang'ania.

Ndekirwa akaweka kikombe chini. "Ndege kubwa yenye injini mbili," alisema, "huo ni msiba unaoruka."

Tulikuwa na mchezo wetu pale kwenye benchi. Wingu likiwa limefunika upande wa Meru, ndege ilisikika kabla ya kuonekana. Basi kila mmoja anainua vidole: vitatu au vinne. Anayekosea anakwenda kuosha vikombe. Ndekirwa aliinua vyake wakati sisi wengine hatujasikia hata upepo. Alisema ile ya mkiani ina sauti yake peke yake, kama mwimbaji wa besi anayechelewa nusu pigo nyuma ya wenzake. Nilitega sikio miaka mingi nikiitafuta sauti hiyo, na nakiri sikuwahi kuipata. Sikumbuki Ndekirwa akiosha vikombe hata mara moja.

Mpaka jioni moja ya masika. Alinyanyua vidole vitatu, kwa uhakika wake uleule. Wingu likafunguka, ikatokea Jumbo.

Lomayani alipiga makofi kama mtu aliyeona mwujiza. "Leo Mmeru anaosha! Ngai, leo anaosha!"

Ndekirwa alicheka pamoja nasi, akachukua sinia. Lakini niliona amesimama pale bombani muda mrefu, vikombe vimeshatakata, maji yanamwagika, ameinamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine, kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni. Kuanzia siku hiyo hakuwa tena wa kwanza kuinua vidole. Alisubiri aone mkono wangu, ndipo anyanyue wake. Nilipoanza kukosea kwa makusudi ili nipime, alikosea pamoja nami.

Mkewe, Mama Anna, alinisimamisha nje ya kanisa la Makumira Jumapili moja nilipokwenda kuwatembelea. "Mwenzako nyumbani anaongea kwa kupiga kelele," aliniambia. "Majirani wanadhani tunagombana. Na kwenye kwaya mwalimu amemwomba akae nyuma kidogo." Alisema "kidogo" kwa namna ya mtu anayebeba kitu cha moto. "Ana nini? Ninyi mnashinda naye."

Nilimjibu kwamba tumwombee. Tulimwombea. Mimi mwenyewe nilifunga, na naamini Mungu alisikia. Ila jibu lake halikuwa lile tulilolitaka, na mpaka leo nimenyamaza mbele zake juu ya jambo hilo.

Kilichonitisha zaidi kilitokea mchana, watu wote wakiona. Trekta la kuvuta ngazi lilikuwa linarudi nyuma, honi inalia, na Ndekirwa amelipa mgongo, anapanga kabari za magurudumu. Lomayani alipiga kelele. Mimi nilipiga kelele. Jamaa aliendelea kupanga kabari zake, mstari umenyooka, polepole. Lomayani aliruka akamvuta kwa mkanda wa suruali, wote wawili wakaanguka. Ndekirwa aliinuka, akapangusa magoti, akatutazama mmoja mmoja, naye akaelewa kwamba tumejua.

Siku hiyo kwenye benchi hatukubishana juu ya ndege.

"Atakufa chini ya gurudumu," nilimwambia Lomayani, Ndekirwa akiwa palepale anatazama midomo yetu.

"Na ukimpeleka nyumbani, Mchungaji, hatakufa?"

Ndekirwa akatuelekea. Alijitahidi kupunguza sauti lakini hakujua tena kipimo, na mpishi alichungulia dirishani. "Wakinitoa hapa," alisema, "nitatazama nini? Migomba?"

Tulikubaliana hivi. Asitumwe tena mahali ambapo sauti peke yake ndiyo inayookoa. Asimame pale anapotuona, nasi tumwone. Mtu asimwite kwa mdomo. Amguse bega au amwonyeshe mkono. Na ili asiwe yeye peke yake anayetendewa hivyo, sote tukaacha kuitana kwa mdomo, hata injini zikiwa zimezimwa. Ilikuwa rahisi kuliko mnavyodhani, kwa kuwa nusu ya lugha tulikuwa nayo tayari. Tuliongeza ishara za chai, za bosi anakuja, za mvua, na moja ya Lomayani ambayo sitaieleza hapa. Kwa miaka kadhaa Ndekirwa alifanya kazi yake bila kumdhuru mtu wala kudhurika. Hakuwa na cha kusikia, lakini macho yake hayakukosa kitu.

Kisha akaja mwekezaji. Mliozaliwa baadaye mnalitamka neno hilo kirahisi. Kwetu lilikuwa kama taarifa ya daktari. Viwanda vya mjini vilikuwa vimeshaanza kufungwa au kuuzwa, na watu tuliosali nao walikuwa wanauza mitumba ambako zamani walikuwa mafundi wa mitambo. Shirika letu nalo likakabidhiwa kampuni binafsi. Siku ya kwanza bosi mpya alitutembelea kwenye maegesho, akasimama nyuma ya mstari mwekundu akitutazama tunavyohudumia ndege bila neno. Baadaye alitusifu. Alisema hajaona kikundi chenye nidhamu kama hicho, hakuna kupayuka, hakuna kuitana ovyo. Lomayani alimjibu, "Ndiyo mila yetu, mheshimiwa."

Juma lililofuata likaja tangazo: kila mtu wa maegesho apimwe macho, moyo na masikio. Asiyefaulu, kazi yake imekwisha.

Sina neno baya juu ya daktari. Alikuwa kijana mpole, aliyetuamkia shikamoo mmoja mmoja ingawa tulikuwa tumetoka jasho na kunuka mafuta. Chumba kilikuwa kidogo. Anayepimwa alikaa kwenye kiti, daktari anasimama nyuma yake ukutani na kunong'ona namba, naye anazirudia. Waliotutangulia walitoka wakatusimulia. Wawili wanaosubiri walikaa kwenye benchi mbele ya kiti, ukutani mwa upande wa pili. Baada ya Ndekirwa alikuwa Lomayani, kisha mimi.

"Nitamwonyesha," alininong'oneza Lomayani mlangoni. "Daktari atakuwa ananitazama mimi au kisogo cha mzee? Mdomo wa daktari nitauona vizuri. Nitamwonyesha vidole hapa magotini."

"Ni udanganyifu, Lomayani."

"Basi wewe funga macho usali. Ndiyo kazi yako."

Sikufunga macho. Ndekirwa alikaa, akaweka mikono juu ya mapaja, nyuso zetu zikaelekeana. Aliniangalia mara moja, kisha macho yake yakatulia kwenye magoti ya Lomayani.

Daktari alinong'ona. Lomayani akafungua vidole vitano.

"Tano," alisema Ndekirwa.

Akanong'ona tena. Mikono miwili.

"Nane."

"Vizuri sana, mzee," alisema daktari, na Lomayani akatikisa kidole kuonyesha kwamba hiyo siyo namba. Ikaja saba, ikaja nne, zote zikapita. Moyo wangu ulianza kutulia. Nilianza hata kufikiri namna nitakavyomwomba Mungu atusamehe sote kwa pamoja.

Kisha daktari akanong'ona mbili, na Lomayani akanyoosha vidole viwili.

"Mbili," alisema Ndekirwa.

Na mkono wake wa kulia ukainuka. Ulipanda juu ya kichwa taratibu, ukaanza kuzunguka. Uso wake uliinuka pia, ukatazama juu kupita vichwa vyetu, kule ambako kungekuwa na mkia wa ndege. Aliangalia kama pako salama, akakuta pako salama, akaendelea kuzungusha. Miaka yote ile, vidole viwili vilikuwa na maana moja tu kwake, na mwili wake haukumwuliza kama yuko maegeshoni au kwa daktari.

Lomayani aliangalia sakafu. Daktari alizunguka kiti polepole, akautazama mkono ule, kisha vidole vya Lomayani vilivyokuwa bado vimenyooka. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alichuchumaa mbele ya kiti, akasema, "Pole sana, mzee wangu."

"Nane," alijibu Ndekirwa.

Zamu yangu ilipofika nilirudia namba zote, hata zile alizozisema akiwa ametoka nje ya mlango. Daktari alishangaa. "Masikio yako ni ya kijana wa shule. Ulikuwa unafanya kazi ofisini?"

"Hapana, daktari. Chini ya injini," nilimwambia. "Pamoja na yule mzee uliyempa pole."

Nikainuka kitini, nikatoka kumfuata.

Lomayani alipewa onyo, akabaki. Bosi nilimwendea mwenyewe kumwombea Ndekirwa kazi yoyote ya ndani, hata ya kufagia ukumbi wa abiria, ili mradi dirisha lielekee maegesho. Alinisikiliza kwa adabu, akasema kampuni haikununua watu wa kutazama madirisha. Nilimtakia siku njema, nikarudi kazini. Sikuwa na nguvu ya kingine.

Siku ya mwisho ya Ndekirwa ilikuwa siku ya Injini Tatu. Tulimwachia aondoe kabari. Nilivua viziba vyangu nikampa, kwa kuwa sikujua kingine cha kumpa. Alivishika, akavigeuza, akanirudishia.

"Sasa vinizuie nini?" aliuliza.

Alisimama pembeni, mahali pake pa zamani. Nilikuwa mbele ya pua. Nilimwonyesha vidole vitatu, akazungusha. Nikamwonyesha kimoja, akazungusha. Viwili niliviacha viwe vya mwisho, ingawa sivyo tulivyozoea. Rubani hakulalamika. Ndege ilipoondoka, upepo wake ulimpiga Ndekirwa akashika kofia, akabaki ameitazama mpaka ikaingia mawinguni, kisha akaendelea kutazama pale ilipoingilia. Alisikia kitu gani, au hakusikia chochote, sikumwuliza.

Miaka ilikwenda. Injini Tatu zilipungua, siku moja tukagundua kwamba haijaja muda mrefu, na hakuna aliyekumbuka ile ya mwisho ilikuwa lini. Jumbo nayo ikawa hadithi. Lomayani aliacha kazi akarudi Olmotonyi kwa mifugo yake. Kama mnaniuliza kati ya zile mbili ipi ilikuwa bora, nitawaambia bado ni mtu wa Jumbo, ila sina tena wa kubishana naye, na ubishi wa mtu mmoja hauna ladha.

Mara ya mwisho kumwona Ndekirwa alikuwa amekonda. Mama Anna alinionyesha kwa kidevu aliko: nyuma ya nyumba, kando ya banda la ng'ombe, amekaa kwenye kigoda, kiganja amekiweka juu ya ukuta wa bati.

"Ndivyo anavyoshinda," alisema. "Nilidhani anamshika ng'ombe. Kumbe anazingojea."

Nilikaa karibu naye. Alinishika mkono kwa mkono wake mwingine, hakuondoa kile kiganja. Wingu lilikuwa limefunika mlima na migomba ilikuwa imetulia. Nilianza kuisikia ndege mbali, ikishuka kuelekea uwanjani, na muda kidogo baadaye niliona vidole vyake vimekaza juu ya bati. Ilikuwa imemfikia. Macho yake yalipata uhai, akanigeukia, akauliza kwa ile sauti yake kubwa isiyojua kipimo:

"Ipi hiyo? Yangu au yako?"

Alikuwa ananisubiri niinue vidole, vitatu au vinne. Ndege ilitokea kwenye wingu, kubwa, ndefu kama zile za zamani, injini moja kila bawa, mkia mtupu. Yeye alikuwa ameipa mgongo. Ningeweza kuinua vitatu, asingejua kamwe. Lakini mtu huyu hakuwahi kuniambia uongo juu ya ndege, hata kwa mzaha.

Niliinua vidole viwili.

Aliviangalia. Nilihofu mkono wake utainuka tena kama siku ile ya daktari, na kwa kweli ulitikisika kidogo ukiwa bado umeshika wangu. Kisha ukatulia.

"Basi moja imekufa," alisema.

Nilitikisa kichwa kukubali. Aligeuza uso akautazama ukuta, na hakukiondoa kiganja mpaka bati lilipoacha kutetemeka. Tulimzika masika yaliyofuata, kule kwao juu ya Makumira. Wakati mchungaji anasoma sala ndege ilipita juu. Waombolezaji hawakuinua vichwa. Mimi niliinua.

Wewe kijana unayesoma haya, Bwana akulinde uingiapo zamu na utokapo. Akupe mtu wa kukuvisha kilicho chake siku usiyojua hatari yako, na akupe moyo wa kumvisha mwingine. Masikio aliyokupa ayatunze mpaka uzee wako, uisikie sauti ya wajukuu zako wakikuita, na siku ile atakapokuita yeye mwenyewe, uitike mara ya kwanza. Amina.